Chipu Kwanza, Chanjo Baadaye: Safari ya Mbwa na Paka Wetu Kwenda Nje ya Nchi

Mashine haikulia mara ya kwanza. Daktari akaipitisha tena polepole, kuanzia kisogoni mwa Bosi kushuka hadi katikati ya mabega, ndipo ikalia na namba 15 zikatokea kwenye kioo. Akazilinganisha na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya chanjo, moja moja, kwa ncha ya kalamu. Zote zilikuwa sawa. Kisha akahamia kwenye tarehe, na hapo akanyamaza.

"Dada, mbwa huyu alichanjwa tarehe 4 Machi," alimwambia dada yangu. "Chipu aliwekewa tarehe 9 Aprili. Kwa Ulaya chanjo hii ni kama haikuchomwa."

Dada alikuwa amepata kazi Leipzig, Ujerumani, na alitakiwa kuripoti mwanzoni mwa Agosti. Tiketi alishakata. Bosi alikuwa amechanjwa, amewekewa chipu, ametolewa damu, damu ikapelekwa maabara nje ya nchi na majibu mazuri yakarudi. Kliniki iliyofanya kazi hiyo ilimhakikishia kwamba kila kitu kimekamilika. Kweli kila kitu kilikuwepo, ila kwa mpangilio uliogeuzwa, na mpangilio ndio unaohesabiwa.

Tangu siku ile nimesaidia jamaa na marafiki kadhaa kupeleka paka na mbwa wao nje, na nimegundua kwamba wengi hukwama palepale. Wanadhani ni suala la kukusanya karatasi, kama mtu anayekusanya vyeti vya kuombea kazi. Mbwa anasafiri kwa kalenda. Kila hatua ina siku yake, kila siku inahesabiwa kutoka kwenye ile iliyotangulia, na ukikosea moja unarudi mwanzo. Ukielewa kwa nini kalenda iko hivyo, hutahitaji kukariri chochote.

Ugonjwa mmoja nyuma ya karatasi zote

Masharti karibu yote yanayomhusu mbwa au paka anayetoka Afrika Mashariki yanatokana na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, kifo hakikwepeki isipokuwa kwa watu wa kuhesabika duniani kote. Chanjo kabla ya dalili inaokoa. Baada ya hapo hakuna dawa.

Nchi iliyofanikiwa kuufukuza ugonjwa huu inajua jinsi unavyorudi. Uingereza iliutokomeza mwaka 1902. Mwaka 1918 ukarudi, kwa mbwa walioingizwa kinyemela wakati wanajeshi wakirejea kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia, ikawachukua mpaka 1922 kuumaliza tena. Baada ya hapo Waingereza waling'ang'ania karantini ya miezi sita kwa kila mbwa na paka aliyetoka nje, na hawakuilegeza mpaka mwaka 2000.

Hapa kwetu tunao mfano wa Pemba. Kisiwa kilikuwa kimekaa bila kichaa cha mbwa, kisha mwaka 2016 ugonjwa ukaibuka upya. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi waligundua kwamba vililetwa kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi mbwa wachanjwe tena kijiji kwa kijiji mpaka ugonjwa ukaisha. Kwa hiyo ofisa wa uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani, anapomkagua mbwa wako, hakudharau. Anafanya kile ambacho Pemba ingetamani mtu angekifanya bandarini.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeugawa ulimwengu mafungu mawili au matatu. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi inazoamini zimeudhibiti ugonjwa: Marekani, Japani, Mauritius, Falme za Kiarabu, Bahrain na nyingine kadhaa. Anayetoka huko anahitaji chipu, chanjo na cheti. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Oman pia haimo, jambo linalowashangaza ndugu zetu wa Muscat wanaoona jirani zao wa Dubai wakipita kirahisi. Anayetoka nje ya orodha anaongezewa kipimo cha damu na miezi mitatu ya kusubiri.

Kalenda yenyewe

Chipu ndiyo inaanza. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Hakina betri wala hakionyeshi mbwa alipo, kama wengi wanavyodhani. Kinabeba namba tu, na kinasomeka pale tu mashine inapopitishwa karibu. Namba hiyo ndiyo inayomtofautisha Bosi na mbwa wengine wote wa kahawia wenye masikio yaliyosimama. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu ilichomwa kwa mbwa asiyejulikana. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliyechanjwa Machi ndiye aliyesimama mezani Mei. Hiyo ndiyo sababu daktari yule alinyamaza. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, asubuhi moja, mradi chipu itangulie. Hakikisha ni chipu ya tarakimu 15 yenye viwango vya kimataifa, vinavyoitwa ISO 11784 na 11785. Kuna chipu nyingine za bei rahisi ambazo mashine za viwanja vya ndege hazizisomi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inafuata, na mnyama awe ametimiza angalau wiki 12 tangu azaliwe. Mwambie daktari abandike kwenye kadi ile stika ndogo inayotoka kwenye chupa ya chanjo, yenye jina la chanjo na namba ya toleo, kisha asaini na kugonga muhuri. Nimeona kadi zilizoandikwa tu "rabies" kwa mkono na tarehe. Kadi kama hiyo inakusumbua mbele ya safari.

Baada ya chanjo unasubiri siku 30 ndipo damu ichukuliwe. Mwili unahitaji muda huo kutengeneza kingamwili za kutosha, na maabara inataka kuona angalau yuniti 0.5 katika kila mililita ya damu. Ukikimbilia kupima siku ya 15 unaweza kupata namba ndogo na kulipia kipimo mara mbili. Na hata ukipata namba nzuri, Ulaya haiikubali kwa sababu siku 30 hazijatimia. Sampuli lazima ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Wateja wa huku mara nyingi hupeleka Onderstepoort, Afrika Kusini, au moja kwa moja Ulaya. Fomu inayoambatana na sampuli iandikwe namba ya chipu, na majibu yakirudi soma namba hiyo kwanza kabla ya kuangalia kipimo chenyewe. Tarakimu moja ikipishana, majibu hayo ni ya mbwa mwingine.

Kisha inakuja miezi mitatu, inayohesabiwa kutoka siku damu ilipotolewa. Hapa ndipo watu hukasirika. "Mbwa amechanjwa, damu imeonyesha ana kinga, tunasubiri nini tena?" Swali ni la haki, na jibu lake lina mantiki. Virusi vya kichaa cha mbwa hujificha mwilini wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kabla mnyama hajaonyesha dalili. Mbwa aliyeng'atwa wiki moja kabla ya kuchanjwa anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kutolewa damu. Miezi mitatu inatoa nafasi kwa ugonjwa uliojificha kujitokeza mbwa akiwa bado nyumbani kwako na si kwenye bustani ya watoto huko Leipzig.

Tukihesabu kwa mfano: chipu na chanjo tarehe 1 Julai, damu tarehe 3 Agosti, miezi mitatu inatimia tarehe 3 Novemba. Hakuna njia ya mkato ndani ya hesabu hiyo. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hatakanyaga Ulaya kabla ya kukaribia miezi saba, hata umlipe wakala kiasi gani. Na wakala akikuambia anaweza kukufanyia yote kwa wiki sita, mkimbie, kwa sababu anakusudia kugushi tarehe, na atakayepata hasara ni mnyama.

Kuna habari njema ndani ya masharti haya: kipimo cha damu kikishapita, kinadumu maisha yote ya mnyama, kwa sharti kwamba chanjo za kurudia zisichelewe hata siku moja. Kadi inaandikwa chanjo inaisha lini. Ukichanja siku hiyo au kabla yake, mnyororo unaendelea. Ukichanja siku inayofuata, mnyororo umekatika: chanjo inahesabiwa ya kwanza, damu upya, miezi mitatu upya. Nilimwona bwana mmoja wa Moshi akilipia yote hayo kwa sababu ya kuchelewa siku nne. Paka wake alikuwa na afya kuliko sisi sote tuliokuwa mle chumbani.

Siku kumi za mwisho

Cheti cha afya ndicho karatasi ya mwisho, nacho hakitolewi mapema. Kwa Ulaya kinadumu siku 10 tangu kitolewe hadi ukaguzi wa mahali pa kuingilia. Kinatolewa au kuthibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Tanzania hilo liko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi; Kenya liko chini ya Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete. Zanzibar ina mamlaka yake, kwa hiyo anayeondokea Unguja aulizie huko mapema. Fomu ni ile ya Umoja wa Ulaya yenyewe, na iwe katika lugha ya nchi unayoingilia au mojawapo ya lugha zake. Sahihi na muhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, kwa hiyo beba kalamu ya bluu. Ni jambo dogo, lakini fomu yenyewe inalidai. Unaambatisha pia tamko lako kwamba mnyama huyu ni wako, huendi kumuuza wala kumkabidhi mtu mwingine.

Tamko hilo lina mtego. Ili mnyama ahesabiwe kuwa anasafiri na mwenyewe, wewe na yeye msipishane zaidi ya siku tano. Unaweza kumwandikia mtu mwingine ruhusa amsindikize, ila safari yako mwenyewe lazima iwe ndani ya siku hizo tano, kabla au baada. Ikizidi, mnyama anaingia kama bidhaa ya biashara, chini ya masharti mengine kabisa yenye taratibu na gharama nyingine.

Hilo ndilo lililomkuta dada. Bosi alichanjwa upya siku ileile, tarehe 18 Mei, damu ikatolewa tarehe 22 Juni, na miezi mitatu ikawa inatimia tarehe 22 Septemba. Kazi haikuweza kusubiri. Dada akaondoka Julai peke yake na Bosi akabaki kwangu. Nilidhani Oktoba nitamweka tu kwenye ndege kama mzigo. Haikuwezekana hivyo: dada ilibidi arudi Desemba kwa likizo, kisha waondoke pamoja. Nauli ya pili, na miezi mitano ya mbwa kulala mlangoni akisikiliza kila gari linalosimama nje. Nayaandika haya kwa sababu ya kosa la mpangilio wa tarehe tu.

Nchi nyingine, maswali mengine

Uingereza inafuata hesabu ileile ya siku 30 na miezi mitatu, kisha inaongeza mambo mawili. Mbwa, si paka, lazima apewe dawa ya minyoo tegu na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na saa iandikwe pamoja na tarehe. Finland, Ireland, Malta na Norway zinataka vivyo hivyo. Jambo la pili ni kwamba mnyama anayeingia Uingereza kwa ndege huingia kama mzigo uliosajiliwa. Haruhusiwi kukaa nawe ndani, isipokuwa mbwa wa kuongoza wasioona na wengine wa kusaidia walemavu. Ndiyo maana Waswahili wengi wa London hushukia Paris au Amsterdam na paka kwenye mfuko, kisha huvuka kwa treni ya magari inayopita chini ya bahari. Njia hiyo ni halali na humpunguzia mnyama mateso ya sehemu ya mizigo, lakini haifuti kipimo cha damu wala miezi mitatu.

Marekani ilibadilisha masharti yake tarehe 1 Agosti 2024, na mengi mnayosikia kwa watu waliohamia kabla ya hapo yamepitwa. Sasa hakuna mbwa wa chini ya miezi sita anayeingia, awe ametoka nchi yoyote. Kila mbwa awe na chipu na stakabadhi ya fomu inayojazwa kwenye tovuti ya kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC. Nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimo kwenye orodha yao ya hatari kubwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjiwa huku anatakiwa awe na fomu maalumu ya chanjo na chipu iliyothibitishwa na daktari wa serikali, kipimo cha damu kutoka maabara wanayoitambua, na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo cha kuhudumia wanyama kilichosajiliwa na CDC. Vituo hivyo viko kwenye viwanja vichache tu, kama JFK wa New York, Atlanta, Miami na Los Angeles. Ukikata tiketi ya kushukia Houston kwa sababu ndiko anakokaa kaka yako, mbwa hatapita. Bila kipimo cha damu anakaa karantini siku 28 kwa gharama yako. Na usidhani kumpitisha London kwa wiki mbili kunamsafisha: wanaangalia alikokuwa katika miezi sita iliyopita.

Paka wa Marekani ana nafuu ya ajabu. Serikali kuu haidai chanjo ya kichaa cha mbwa ili aingie, ingawa majimbo mengi na mashirika ya ndege huidai. Mchanje tu.

Ghuba wanaanza na kibali. Falme za Kiarabu na Oman zote zinataka uombe kibali cha kuingiza mnyama kabla hajaondoka, na Dubai mnyama hufika kama mzigo. Angalia pia aina ya mbwa. Falme za Kiarabu haziingizi Rottweiler wala Doberman, ambao huku kwetu wamejaa kwenye mageti. Ujerumani inakataza Pit Bull, Bull Terrier na jamaa zao. Denmark imepiga marufuku Boerboel, mbwa anayependwa sana Nairobi na Arusha. Uingereza imeongeza XL Bully kwenye orodha yake. Kama mbwa wako ni chotara, mwombe daktari aandike kwa uangalifu aina yake, na awe mkweli, kwa sababu ofisa wa upande wa pili atamtazama sura, hatasoma tu. Mbwa koko wa mtaani, tunayemdharau, ndiye hana shida yoyote hapa.

Australia ni habari nyingine. Mbwa wa Tanzania au Kenya hawezi kwenda moja kwa moja. Lazima kwanza ahamie nchi wanayoikubali, na kusubiri kwake baada ya kipimo cha damu ni siku 180. Akifika anakaa karantini Mickleham, karibu na Melbourne, si chini ya siku 10. Hawana mzaha. Mwaka 2015 mwigizaji Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, waliingia na mbwa wao wadogo wawili, Pistol na Boo, kwa ndege binafsi bila kuwatangaza. Waziri wa Kilimo Barnaby Joyce aliwaambia waziwazi waondoshwe nchini, la sivyo watauawa. Wakaondoshwa, na mwaka uliofuata Heard akakiri mahakamani kosa la kutoa hati ya uongo.

Kizimba

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnyama mwenyewe analihisi, kwa sababu chanjo na mihuri havimuumizi kitu.

Paka na mbwa wadogo mashirika mengi ya Ulaya huwaruhusu ndani ya ndege, miguuni kwako, uzito ukiwa kama kilo 8 pamoja na mfuko. Idadi kwa kila ndege ni ndogo, kwa hiyo piga simu na uweke nafasi ya mnyama kabla ya kukata tiketi yako, si baada. Wakubwa wanakwenda chini, kwenye chumba chenye hewa na joto linalodhibitiwa, ndani ya kizimba.

Kizimba kina kanuni ya kimataifa ya IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, na inafaa uipime mwenyewe kwa futi kamba. Pima urefu kutoka pua hadi mzizi wa mkia, kisha ongeza nusu ya urefu wa mguu kutoka sakafuni hadi kiwiko. Huo ndio urefu wa kizimba. Upana wa mabega zidisha mara mbili. Huo ndio upana. Kimo pima akiwa amesimama, kutoka sakafuni hadi ncha ya masikio au utosi, kinachozidi, ongeza unene wa tandiko. Bosi alikuwa na sentimita 78 za urefu, mguu 34, mabega 24, kimo 68. Kizimba chake kikatoka 95 kwa 48 kwa 73. Mbwa wenye pua bapa, kama Pug na Bulldog, wanahitaji kikubwa zaidi kwa asilimia 10, na mashirika mengi hayawakubali kabisa kwa sababu hupumua kwa shida na wamekuwa wakifia njiani. Hilo liheshimiwe. Miezi ya joto kali pia wapo wanaosimamisha kabisa kubeba wanyama.

Hapo ndipo bei inapotokea pia. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi, kile kinachozidi. Zidisha vipimo vitatu, gawanya kwa 6,000. Kwa Bosi inakuja 332,880, ukigawanya unapata kilo 55 na nusu. Yeye na kizimba chake hawakufika kilo 40. Mtu akikuambia bei kwa kuangalia uzito wa mbwa peke yake, hajui kazi.

Usimpe dawa ya usingizi. Najua inaonekana kama huruma. Mnyama aliyelevywa hushindwa kujisawazisha kizimba kinapoyumba, shinikizo la damu hushuka na joto la mwili huvurugika, na huko chini hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi hukataa mnyama aliyepewa dawa. Kinachomtuliza ni mazoea. Tulinunua kizimba cha Bosi Septemba, tukakiweka sebuleni bila mlango, tukatandika kanga ya dada ambayo haikufuliwa. Wiki ya kwanza alikizunguka na kunusa. Wiki ya pili tukawa tunaweka chakula ndani. Kufika Novemba alikuwa analala humo mwenyewe, mguu mmoja nje, na watoto wakikaribia ananguruma kwamba hapo ni kwake. Siku ya safari tulimpa chakula kidogo asubuhi, matembezi marefu jioni, na bakuli la maji tuliloligandisha kwenye friza ili lisimwagike wakati wa kupakiwa. Liliyeyuka taratibu akanywa angani.

Na kurudi

Anayeishi Ulaya na anataka kuja nyumbani na mbwa wake kwa Krismasi asikurupuke. Kuingia Tanzania au Kenya nako kunataka kibali kilichoombwa mapema, chanjo na cheti cha afya. Hata kuvuka Namanga na mbwa kwenye gari kunataka hivyo. Lakini tatizo kubwa ni kurudi Ulaya. Kama mbwa alipimwa damu kabla ya kuondoka Ulaya, na daktari wa huko akaandika majibu kwenye pasipoti yake ya mnyama, anarudi bila kusubiri miezi mitatu. Kama hakupimwa, likizo ya wiki tatu inageuka kuwa miezi minne, na wewe kazini wanakutafuta. Kipimo kile kile, damu ile ile. Tofauti ni kimefanyika upande gani wa bahari.

Bosi aliondoka Desemba, ndege moja na dada. Frankfurt ofisa alipitisha mashine shingoni mwake, ikalia mara ya kwanza. Akasoma namba, akasoma tarehe ya chipu, akasoma tarehe ya chanjo, akageuza ukurasa wa majibu ya damu, akagonga muhuri. Dada anasema haikufika nusu saa. Kilichochelewesha ni Bosi mwenyewe, aliyekataa kutoka kizimbani mpaka alipoitwa kwa Kiswahili.

Siku hizi kizimba kiko kwenye korido ya nyumba yao Leipzig, mlango umeondolewa, kanga ileile ndani. Chanjo yake inaisha tarehe 17 Mei. Dada ameizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, lakini miadi na daktari ameiweka tarehe 3.